Ardhi ya Umma Isiyo na Mlinzi: Taka, Sheria na Historia Handeni na Korogwe

Taka zinapolundikana kwenye kiwanja cha wazi au kwenye korongo, maelezo huwa yale yale: wananchi hawana ustaarabu. Kwa kuwa kazi yangu ni historia, siridhiki na maelezo hayo.

Mwaka 1923 Waingereza walitunga Sheria ya Ardhi iliyotangaza kwamba ardhi yote ya Tanganyika ni ya umma, chini ya Gavana. Baada ya uhuru udhamini huo ulihamia kwa Rais, na Sheria ya Ardhi ya 1999 ikauthibitisha. Kwa hiyo kiwanja kisichomilikishwa, hifadhi ya barabara na ukingo wa mto ni mali yetu sote. Lakini mali ya wote isiyokabidhiwa mlinzi hugeuka shamba la bibi.

Mlinzi wa karibu alikuwa halmashauri. Mwaka 1972, kwa jina la Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilifutwa. Za miji zikafuata muda mfupi baadaye. Uzoaji wa taka ukawa mikononi mwa maofisa waliowajibika kwa Serikali Kuu, si kwa mkazi wa mtaa. Huduma za miji zikazorota, na kipindupindu cha 1977 na 1978 kikaikuta nchi katika hali hiyo. Mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kurejesha halmashauri za miji, na mwaka 1982 zikafuata sheria za serikali za mitaa kwa nchi nzima. Majengo yalirudi upesi. Mazoea ya kuwajibika kwa mkazi hayakurudi kwa kasi hiyo.

Handeni na Korogwe zinaonyesha gharama ya pengo hilo. Mradi wa maji wa HTM, uliojengwa miaka ya 1970, huchota maji Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi Handeni, wilaya inayoteswa na ukame. Taka zinazotupwa kwenye korongo lililo juu ya chanzo husombwa na masika hadi mtoni. Anayetupa yuko wilaya moja, anayekunywa yuko nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto; lakini mita hizo zinahitaji mtu wa kuzikagua.

Tumezoea kampeni: Mtu ni Afya mwaka 1973, usafi wa Desemba 9, 2015, kisha Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Sizibezi. Kampeni huondoa lundo. Kinachozuia lundo jipya ni dampo lililotengwa, gari lenye ratiba, na ada ya taka inayosomwa hadharani pamoja na mapato na matumizi.

Basi katika mkutano ujao wa mtaa au kijiji, tusiulize tu nani ametupa. Tuulize kiwanja hiki kimekabidhiwa nani, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.