Kiungo Bandia cha Nyonga: Uimara wa Malighafi Zake

Kiungo bandia cha nyonga huwekwa pale nyonga ya asili inapoharibika kwa kulika gegedu, kuvunjika au kufa kwa mfupa. Kina shina la chuma linalozamishwa katika mfupa wa paja, kichwa cha mviringo juu yake, na kikombe kinachopokea kichwa hicho. Umri wake hutegemea sana namna kichwa na kikombe vinavyosuguana.

Daktari John Charnley wa hospitali ya Wrightington, Uingereza, alianza na vikombe vya Tefloni. Vilisagika ndani ya miaka michache, na chembe zake zikauchokoza mwili. Mwaka 1962 akageukia polietilini, plastiki sugu zaidi, akaioanisha na kichwa kidogo cha chuma; viungo vingi vya leo vimetokana na muundo huo. Hata hivyo, polietilini nayo hulika. Seli za kinga humeza vumbi lake, hushindwa kuliyeyusha, na katika purukushani hiyo huchochea mfupa wa jirani kumomonyoka hadi kiungo kinalegea. Adui, basi, ni vumbi kuliko uzito wa mgonjwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 plastiki hiyo hupigwa mionzi ili molekuli zake zifungamane, na ulikaji umepungua mno.

Kauri, aliyoianzisha Mfaransa Pierre Boutin mwaka 1970, hulika kidogo zaidi. Za mwanzo zilikuwa zikipasuka. Za sasa, za alumina iliyochanganywa na zirkonia, hupasuka kwa nadra, ingawa baadhi hutoa mlio mgonjwa anapotembea.

Chuma kwa chuma ndiyo sura chungu. Kwenye mashine za majaribio kililika kidogo, lakini mwilini kilimwaga kobalti na kromi na kuharibu misuli. Kiungo cha ASR cha kampuni ya DePuy kiliondolewa sokoni Agosti 2010, baada ya rejista ya viungo bandia ya Uingereza na Wales kuonyesha kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya 8 alirudiwa upasuaji ndani ya miaka 5. Rejista iliona kile ambacho maabara haikukiona.

Uchambuzi uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2019 ulikadiria kuwa asilimia 58 ya viungo hudumu miaka 25. Wengi wa waliohesabiwa walikuwa wazee. Kijana mwenye selimundu, ambaye mfupa wa nyonga yake umekufa mapema, hukitembeza kiungo zaidi, na miaka 25 haimfikishi uzeeni.