Nani anaweka kioo? Historia ya mafundi wa madirisha, toka Élisabethville hadi Goma

GOMA. – Mlima wa Nyiragongo ulipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, moto haukufika katikati ya mji. Lakini ardhi ilitetemeka kwa siku nyingi baada ya hapo, na matetemeko mengine yalipita kipimo cha 5. Tarehe 27 Mei serikali ya jimbo iliamuru wakaaji wa mitaa kumi wahame. Watu walibeba watoto na magodoro, wengine wakaelekea Sake na Minova, wengine Rutshuru, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu, wengine wakavuka mpaka kuingia Rwanda.

Waliporudi, wengi walikuta nyumba imesimama, bati lipo, mlango upo, lakini dirisha halina kioo. Nyumba ya namna hiyo haihesabiwi kati ya nyumba zilizobomoka. Hakuna anayeiandika kwenye orodha ya msaada. Hata hivyo mvua inaingia, vumbi jeusi la volkano linaingia, mbu wanaingia, na mwizi naye hapati shida. Mama anaziba kwa kartoni, kisha kwa kipande cha shitingi ya HCR, kisha anatafuta fundi. Hapo ndipo swali linapoanza, maana fundi wa dirisha katika mji huu ni mtu yeyote mwenye kisu cha kukatia kioo na ngazi.

Haikuwa hivyo siku zote, ingawa si kweli pia kwamba zamani mambo yote yalikuwa mazuri.

Nyumba za mababu wa Kivu, za Bashi, za Bahunde, za Banande, hazikuhitaji kioo. Mwanga uliingia mlangoni, na moshi ulitoka kwenye majani ya paa. Kioo kilikuja na wakoloni, na kilitoka mbali. Mwishoni mwa karne ya 19 Ubelgiji ilikuwa kati ya nchi zinazouza kioo cha dirisha kwa wingi duniani, na kazi hiyo ilikaa hasa katika eneo la Charleroi. Mfundi alipuliza kioo cha moto kwa bomba refu mpaka kikawa kama pipa, akakipasua kwa urefu, kikalainishwa tena kwa moto na kunyooshwa kuwa bapa. Ufundi huo ulipita toka baba kwenda kwa mwana, na wageni hawakukaribishwa. Tanuru mpya zilipoanza kuwapunguzia wafanyakazi thamani yao, hasira ililipuka: mwezi wa tatu 1886 waandamanaji walichoma kiwanda cha kioo cha tajiri Baudoux huko Jumet. Baadaye Émile Fourcault, Mbelgiji wa eneo lile lile, alitengeneza mashine ya kuvuta kioo kutoka kwenye tanuru kama kitambaa. Mapafu ya mpulizaji hayakuhitajika tena.

Kwa hiyo kioo kilipoanza kuingia Kongo kwa wingi, ufundi wa kukitengeneza ulikuwa umeshakabidhiwa mashine. Uliobaki kwa mikono ya watu ni ufundi wa kukisafirisha bila kukivunja na wa kukiweka dirishani. Katanga ilipata reli kutoka kusini mwaka 1910. Bidhaa za Kivu zilikuwa na njia ya mashariki: bandari ya Dar es Salaam, ambako Wabelgiji walikuwa na gati lao, reli hadi Kigoma, meli kuvuka Tanganyika hadi Uvira, halafu kupanda milima mpaka Bukavu. Mwenye kuvunja kioo kule juu hakuwa na duka la jirani la kukimbilia.

Shule za kwanza za kufundisha mikono zilikuwa za wamisionari. Wasalesiani wa Don Bosco walifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1911, wakiongozwa na padri Joseph Sak, na mwaka uliofuata wakafungua shule ya ufundi. Fundi wa dirisha kwa jina hilo hakuwepo. Seremala ndiye aliyetengeneza fremu, na seremala huyo huyo ndiye aliyeweka kioo, kwa mastiki ya unga wa chokaa nyeupe na mafuta ya kitani. Kazi yenyewe ilitaka subira. Mfundi alitandika mastiki kwanza ndani ya fremu, akakisukuma kioo taratibu kikalala juu yake, akakishika kwa misumari midogo isiyo na kichwa, kisha akafunika ukingo kwa mastiki nyingine iliyokatwa mshazari ili maji yateremke. Rangi ilipakwa baadaye, mastiki ilipokauka juu.

Kwa nini kueleza yote haya? Kwa sababu ndani ya kazi hiyo ya polepole kulikuwa na siri ambayo leo imepotea kwenye karakana nyingi: kioo hakikugusa mti wala chuma. Kililalia kitu laini. Ukuta ukisogea kidogo, mastiki ilimeza ule msogeo.

Mwaka 1952 serikali ya koloni iliunda Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyojulikana kama OCA, ili kujenga mitaa ya wafanyakazi. Ilijenga maelfu ya nyumba, Léopoldville, Élisabethville, Bukavu, na hata Usumbura. Ramani zilirudiwa nyumba kwa nyumba. Mtu anaweza kuzisema vibaya nyumba zile, na wengi wamezisema, zilikuwa ndogo na zilijengwa kwa fikra ya kuwapanga watu kama sanduku juu ya sanduku. Lakini dirisha la nyumba moja lilikuwa sawa na la nyumba ya pili, na kioo kikivunjika, kipimo chake kilijulikana kabla fundi hajafika.

Kazi ya mikono ilifanywa na Wakongomani. Aliyepita jioni na futi kukagua, aliyeandika kwenye daftari na kukataa kazi mbaya, kwa kawaida alikuwa Mzungu. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, mafundi walikuwepo kwa maelfu, ila wahandisi na wakaguzi Wakongomani walikuwa wachache wa kuhesabika. Wazungu walipoondoka, futi ya mkaguzi iliondoka nao, na hasara hiyo haikuonekana siku ile ile. Ilionekana taratibu, dirisha kwa dirisha.

Serikali iliona pengo. Tarehe 29 Juni 1964 iliundwa taasisi ya taifa ya kuandaa watu kikazi, INPP, ambayo mpaka leo ina vituo katika majimbo, Goma na Bukavu vikiwemo, na inafundisha kazi kama ujenzi, umeme, useremala na kuchomelea. Miaka kumi baadaye, mwezi wa kwanza 1974, iliundwa ofisi ya kukagua ubora wa bidhaa, OZAC wakati ule, OCC leo. Moja ilikusudiwa kuangalia mkono wa fundi, nyingine kuangalia mali inayoingia. Kioo kilichowekwa tayari ukutani kiko kati ya hizo mbili: ofisi inaweza kupima kioo mpakani, shule inaweza kumpa kijana cheti, na bado hakuna anayepita kuona kama kioo kile kimewekwa sawa katika nyumba ile.

Mambo yaliharibika zaidi tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alipotangaza kuwa biashara za wageni zikabidhiwe Wazaire. Maduka mengi ya vifaa vya ujenzi yalikuwa ya Wagiriki, Wareno na Wabelgiji. Waliokabidhiwa, wengi wao, waliuza mali iliyokuwa kwenye rafu na hawakuagiza nyingine. Mfundi asiye na mastiki hutumia saruji. Mfundi asiye na kioo cha milimita 4 huweka cha 3, au huchomoa kioo cha nyumba iliyoachwa. Hiyo ndiyo shule iliyofundisha kizazi kizima: kujitafutia, kile watu walichokiita article 15. Kijana aliingia karakana bila ada, akabeba maji, akafagia, akatazama, na siku moja akapewa kisu. Hakukuwa na mtihani, wala aliyemwambia kwamba saruji pembeni mwa kioo ni kosa, kwa kuwa bwana wake naye alifundishwa hivyo.

Kisha ikaja tarehe 17 Januari 2002. Moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma, ukafunika zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mji pamoja na kipande cha kiwanja cha ndege, na watu karibu 120,000 wakabaki bila makao. Wengi walijenga tena juu ya mawe yale yale, kwa mbao, kwa sababu mbao huhamishika. Dirisha la nyumba ya mbao mara nyingi ni ubao tu wenye bawaba.

Mwaka huo huo, mwezi wa nne, huko Uingereza na Wales sheria ilibadilika kuhusu jambo hili hili. Kabla ya hapo, mtu aliyebadilisha dirisha la zamani hakukaguliwa. Kuanzia Aprili 2002 alitakiwa ama kuitaarifu ofisi ya ujenzi ya mji, ama kumtumia fundi aliyesajiliwa katika mpango kama FENSA, ambao mafundi wake hukaguliwa kazi zao na mwenye nyumba hupewa cheti. Anayeuza nyumba huulizwa cheti hicho. Sababu yao haikuwa matetemeko, ilikuwa kuzuia joto lisitoroke nyumbani. Wafaransa nao, mwaka 2010, walitoa kanuni iitwayo DTU 36.5 inayoeleza namna ya kuweka madirisha, pamoja na kubadilisha la zamani: fremu ishikwe wapi, nafasi kati yake na ukuta izibwe vipi, maji yatoke wapi. Kanuni nyingine, DTU 39, inahusu kioo chenyewe. Mafundi wakubwa wa Kongo wanaosoma Kifaransa wanazijua. Kijana wa Birere hajaziona.

Na kazi yenyewe imegeuka mikononi mwake. Goma ilipojengwa upya kwa maghorofa, yaliingia madirisha ya alminiamu yanayoteleza na silikoni ya bomba. Dirisha moja sasa lina mabwana watatu. Mwashi anaacha tundu ukutani, mchomeleaji au fundi wa alminiamu analeta chasi, muuza kioo anakata na kubandika. Kioo kikipasuka, mwashi anasema chasi imepinda, mchomeleaji anasema ukuta umeinama, na muuza kioo anasema alikata alivyopimiwa. Mwenye nyumba analipa mara mbili.

Matetemeko yalifichua siri hiyo mapema. Tarehe 3 Februari 2008, Bukavu na Rusizi zilitikiswa na tetemeko lililokaribia kipimo cha 6, na watu wengi walikufa, hasa upande wa Rwanda. Wajenzi walizungumza sana juu ya kuta na nguzo, na ilikuwa haki. Juu ya vioo walizungumza kidogo. Lakini kioo mara nyingi hakivunjwi na mtikisiko wenyewe. Ukuta ukicheza, chasi ya chuma hupinda, pembe zake huacha kuwa mraba, na kioo kilichobanwa bila nafasi hakina pa kwenda. Hupasuka na kumwagika juu ya kitanda, maana katika vyumba vidogo kitanda huwekwa chini ya dirisha.

Mwisho wa Januari 2025, wakati wa mapigano ndani ya Goma, vilikuwa risasi na mabomu. Mwezi uliofuata kambi za wahami, kama Bulengo na Lushagala, zilivunjwa, na familia zilizokuwa chini ya shitingi zikarudi kwenye vijiji vya Masisi na kwingineko, kwenye nyumba zilizoachwa muda mrefu. Mahitaji ya mafundi yaliongezeka kuliko mafundi wenyewe. Kituo cha Don Bosco Ngangi, kinachofundisha vijana uashi na useremala, kimewahi zaidi ya mara moja kugeuza uwanja wake kuwa makao ya wahami. Mwanafunzi na mkimbizi wamechota maji kwenye bomba moja. Si ajabu basi kwamba mafunzo mengi ya vijana waliohama yamekuwa ya miezi michache, yakiishia kwa sanduku la vifaa na cheti. Miezi michache inatosha kujifunza kukata kioo. Kujifunza kukataa chasi iliyopinda, mbele ya mteja anayeharakisha, kunataka mtu wa kukusimamia.

Wazee waliofanya kazi kwa mastiki walikuwa na njia zao za kukagua, na hakuna hata moja inayohitaji mashine. Kamba inapimwa toka pembe hadi pembe ya chasi, mara mbili, kukingama. Vipimo viwili visipolingana, chasi inarudi kwa mchomeleaji kabla kioo hakijakatwa. Kioo kinakatwa kidogo kuliko nafasi yake, kama milimita 3 kila upande, na chini yake vinawekwa vipande viwili vya mti mgumu au mpira ili kisikae juu ya chuma. Ukingo wenye meno unasuguliwa, maana ufa huanzia hapo. Tundu za kutolea maji chini ya chasi ya alminiamu zinaachwa wazi, hazizibwi na silikoni. Silikoni au mastiki ikishakauka, mtu mmoja anasimama ndani na mwingine nje na ndoo, anamwaga toka juu polepole. Maji yakionekana ndani, kazi inafunguliwa tena siku hiyo hiyo, kabla fundi hajalipwa.