White Riot

"White Riot" (kwa Kiswahili: "Ghasia za Weupe") ni wimbo wa bendi ya punk rock The Clash kutoka London, Uingereza. Ulitungwa na Joe Strummer na Mick Jones, ukatolewa na kampuni ya CBS tarehe 18 Machi 1977 ukiwa singo ya kwanza ya bendi hiyo. Ulifika nafasi ya 38 katika chati ya Uingereza.

Asili

Wimbo ulitokana na ghasia za Kanivali ya Notting Hill, Agosti 1976. Kanivali hiyo ni sikukuu ya kila mwaka iliyoanzishwa na wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi. Mwaka huo polisi wapatao 3,000 walipelekwa kuilinda. Vijana weusi walikuwa tayari na hasira, kwani sheria ya mwaka 1824 iliwaruhusu polisi kumkamata mtu kwa kumshuku tu, na wao ndio waliokamatwa mara nyingi. Mapambano yalizuka, na watu wengi wakajeruhiwa, wakiwemo polisi. Strummer na mpiga besi Paul Simonon walikuwepo.

Maana

Mashairi yanawasifu vijana weusi kwa kukataa kuonewa, na kuwalaumu vijana weupe kwa kukaa kimya ingawa nao walikabiliwa na ukosefu wa kazi na umaskini. Hivyo wimbo unawataka weupe wapiganie haki zao dhidi ya wenye mamlaka. Hauwachochei kupigana na weusi.

Hata hivyo, waliosikia jina pekee waliudhani kuwa wa kibaguzi. Kosa hilo halikuwa dogo, kwa sababu wakati huo chama cha National Front kilikuwa kikitafuta wafuasi miongoni mwa vijana weupe.

Baadaye

Tarehe 30 Aprili 1978 The Clash walitumbuiza katika Victoria Park, London, kwenye tamasha la Rock Against Racism la kupinga ubaguzi wa rangi, mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Walipopiga "White Riot", Jimmy Pursey wa bendi ya Sham 69 alipanda jukwaani kuimba nao. Sham 69 ilikuwa na baadhi ya mashabiki waliokiunga mkono National Front, kwa hiyo kitendo chake kilionyesha wazi upande aliosimama.