Kasungami: kabla ya mfuko wa makala, kulikuwa na kiwanda

Kila asubuhi baiskeli zilizobeba mifuko ya makala huingia Lubumbashi kutoka barabara za pembezoni. Huko Kasungami, katika komini ya Annexe, wakaaji wa zamani na familia zilizokimbia vita hupika bukari kwenye mbabula za namna moja. Pori likiisha, wa kwanza kulaumiwa ni mchoma makala, na mara nyingine ni mkimbizi aliyefika jana. Lakini historia ya mji huu inaonyesha kwamba pori lilianza kusogea mbali zamani sana, kabla ya hao wote.

Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka Rhodesia ilifika, na mji wa Elisabethville ukazaliwa. Mwaka uliofuata, kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi kando ya mto Lubumbashi. Mkaa wa mawe wa kiwanda uliletwa kwa treni kutoka Wankie. Lakini wafanyakazi walihitaji kupika, na matofali ya nyumba yalihitaji kuchomwa. Kuni za kazi hizo zilitoka katika pori la miombo, lenye miti kama mutondo na muputu, lililozunguka mji.

Mwaka 1930 mitambo ya Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ilianza kutoa umeme. Umeme huo ulijengwa kwa ajili ya machimbo na viwanda. Mwaka 1982 ukamalizika mstari wa umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1.700. Nyaya zilipita juu ya vijiji vingi ambavyo usiku vilibaki gizani. Hata mjini, mwenye waya nyumbani aliendelea kuweka mfuko wa makala jikoni, kwa sababu umeme haukuwa wa kutegemea. Kwa hiyo shaba ilipata umeme, na jikoni ikaachiwa pori.

Halafu kazi ikaanguka. Mwezi wa 9 mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na Gécamines ikaporomoka katika miaka iliyofuata. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10.000 waliondoka katika kampuni hiyo kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Baba aliyezoea mshahara na mgawo wa unga alitafuta shamba, jembe na shoka. Makala haihitaji diplome wala mtaji mkubwa. Mtu anakata miti, anaipanga, anaifunika kwa udongo na kuichoma polepole. Sehemu kubwa ya uzito wa mti inapotea ndani ya tanuru hiyo, ndiyo maana mfuko mmoja unakula miti mingi.

Katika miaka ya 2010 ikaja njaa ya namna nyingine, ya mukula. Huu ni mti wenye utomvu mwekundu, na tangu zamani wazee walitoa kwake unga mwekundu wa nkula. Soko la samani la China lilipoutaka, makamyo yaliingia mpaka vijijini katika eneo la Kasenga. Magogo yalivuka Kasumbalesa kupitia Zambia kuelekea bandari. Mwanzoni mwa mwaka 2017 Zambia ilikamata mamia ya makamyo yaliyobeba mukula, na madereva wengi Wakongomani wakakwama huko. Mwaka 2019 nchi zilizokutana Geneva ziliuweka mukula katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, maana yake haupaswi kuvuka mpaka bila kibali kinachothibitisha kwamba ulikatwa kihalali na bila kumaliza mti wenyewe.

Sheria ya misitu ya Kongo ipo tangu mwaka 2002. Inataka kibali kabla ya kukata, na ukataji wa mikono, usio wa kampuni kubwa, umewekwa kwa ajili ya Wakongomani. Lakini kijana wa kijiji aliyeshika msumeno hakuwa na kamyo, hakuwa na mnunuzi ng'ambo, wala hakuwa na nguvu ya kupanga bei. Alilipwa kwa gogo, faida ikaondoka na kamyo. Kijiji kikabaki na visiki.

Na visiki hivyo vina habari ya kutoa. Mti wa miombo ukikatwa haufi mara moja. Kisiki chake kinachipuka upya, na kikiachwa miaka mingi pori linarudi. Kinachoua ni moto wa kipwa unaopita kila mwaka juu ya machipukizi, na jembe linalong'oa mizizi kila mahali. Mutondo ukiondoka, viwavi vinavyokula majani yake vinaondoka pia. Na bowa zinazoishi pamoja na mizizi ya miti hiyo hazioti tena mvua ikianza. Mama aliyekuwa anauza bowa na viwavi naye anabaki na kitu kimoja cha kuuza: makala.

Tangu mwezi wa 8 mwaka 2014 kuna dekreti inayoruhusu jamii za vijijini kuomba msitu wao kisheria, hadi hekta 50.000, na kuusimamia wenyewe. Hiyo inampa chifu na wakaaji karatasi ya kumwonyesha mwenye kamyo. Inawapa pia sababu ya kuzima moto na kulinda machipukizi, maana watakaovuna ni watoto wao.

Lakini familia iliyokimbia haina chifu hapa, haina ardhi, na haimo katika karatasi hiyo. Kuikataza makala bila kuipa kazi au umeme ni kuiambia isipike. Wanaopanga kulinda pori la Lubumbashi waanze na swali ambalo mji huu haujalijibu tangu mwaka 1910: jikoni ya maskini itawaka kwa nini?