Uhewala, Si Fikra-Kundi

Orodha mpya za istilahi zinataka tuite "fikra-kundi" kile ambacho Waingereza hukiita groupthink, ile hali ya kundi kukubaliana kwa kuogopa kuvuruga maelewano. Waliolibuni walilipasua neno la Kiingereza vipande viwili, wakatafsiri kila kipande, wakaenda zao kunywa chai. Hawakuuliza kama kundi linalosemwa lina fikra moja. Halina, lina jibu moja.

Mwanasaikolojia Irving Janis, aliyeifafanua dhana hii mwaka 1972, aliichambua kwa mfano wa uvamizi wa Ghuba ya Nguruwe, Kuba, wa Aprili 1961. Arthur Schlesinger, msaidizi maalumu wa Rais Kennedy wa Marekani, aliupinga mpango wa uvamizi huo kwa waraka. Kikaoni akanyamaza, akichelea kuonekana msumbufu. Seneta Fulbright aliupinga waziwazi; akasikilizwa, na mpango ukaendelea. Wakimbizi wa Kikuba wapatao 1,400 walitoswa vitani, na zaidi ya 1,100 wakatekwa. Fikra zilikuwa mbalimbali. Ridhaa ndiyo iliyokuwa moja, nayo ya mdomoni.

Ndiyo maana nashikilia uhewala. Hewala asili yake ni Kiarabu, ay wallah: naam, wallahi. Ni ridhaa yenye kiapo ndani yake, hata kama aapaye moyoni hajaridhika. Wahenga walikwishaipima waliposema hewala haigombi. Tuliongezee u- ya dhahania, ile ya ubahili na uoga, neno limetimia. Na wanaong'ang'ania "fikra" wajue kwamba mwandishi William Whyte, aliyelitumia neno la Kiingereza mwaka 1952, aliiga lugha ya kubuni ya riwaya ya George Orwell ya 1949. Kule "kufikiri" kulikuwa kejeli. Watafsiri wetu wameichukua kwa uzito wote.

Wapo pia wanaoupigia debe "undiyomzee". Huo ni unyenyekevu kwa mkubwa. Uhewala huwapata hata walio sawa kwa cheo, wanaoogopa kuvuruga maelewano.

Matumizi ni mepesi: uhewala wa baraza; mhewala, wahewala. Na una dawa: Oktoba 1962, katika mgogoro wa makombora ya Kuba, Kennedy alijitoa kwenye baadhi ya vikao ili washauri wabishane kwa uhuru.

Kamati moja ilinirudishia pendekezo hili, eti neno "halina sura ya kitaalamu". Nasikia kikao hichohicho kiliipitisha "fikra-kundi" bila mjumbe hata mmoja kuinua mkono kupinga. Basi wajumbe wale wamelitendea kazi neno langu kabla ya kulisajili.