Karafuu Zilizokataliwa Bombay

Sisi tukaao pwani ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika twajua vema jinsi amri moja ya uhamiaji inavyoweza kuingia hata katika chungu cha jikoni. Kutoka Uvira mpaka Bujumbura si mbali. Ukiisha kupita Kavimvira, na ng'ambo yake Gatumba, umekaribia kufika. Mwaka 1976 Zaire, Rwanda na Burundi ziliunda Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, na moja ya nia zake ilikuwa kurahisisha watu na mali kuvuka. Lakini mpaka ukifungwa, au karatasi ya kuvukia ikipandishwa bei, mama mwenye beseni la ndagala hurudi nalo kichwani. Naye afanye nini? Hana bunduki, wala hana kiti bungeni. Ana fedha kidogo tu, na hiari ya kununua au kutonunua.

Hiari hiyo ina historia yake. Mwaka 1882 Marekani ilitunga sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini, na mwaka 1904 ikaifanya isiwe na mwisho. Hata wafanya biashara na wanafunzi, ambao sheria haikuwakataza, walisumbuliwa bandarini. Basi Julai 1905 wenye biashara wa Shanghai wakaanza kususia bidhaa za Marekani, na mgomo ukaenea mpaka Guangzhou. Rais Theodore Roosevelt akawaamuru watu wake wawe na adabu zaidi kwa wasafiri wenye ruhusa. Sheria yenyewe haikufutwa mpaka 1943.

Kisa kilicho karibu nasi zaidi ni cha Unguja, kisiwa ambacho misafara yake ilileta Kiswahili mpaka Ujiji na huku kwetu. Huko Wahindi walikuwa wamekaa vizazi vingi. Ndio waliowakopesha wenye mashamba, ndio walionunua karafuu na kuzipakia melini. Hata fedha ya nchi ilikuwa rupia, mpaka shilingi ilipoingia mwaka 1936. Bei ya karafuu ilipoanguka katika shida ya miaka ya 1930, wenye mashamba wengi walizama katika madeni. Serikali ya Kiingereza, iliyotawala kwa jina la Sultani Khalifa bin Harub, ikaogopa mashamba yasije yakaangukia mikononi mwa wakopeshaji. Mwaka 1934 ikatoa amri kwamba ardhi ya Mwarabu au ya Mwafrika isipewe mtu wa taifa jingine ila kwa idhini ya Balozi Mkaazi. Mwaka 1937 ikaongeza nyingine: kununua karafuu kwa wakulima kukatiwa mikononi mwa Chama cha Wakulima wa Karafuu.

Hofu ile ya serikali haikuwa bure. Mwenye deni hulala vibaya. Lakini mtazame na Mhindi aliyezaliwa Unguja, na baba yake kabla yake. Jana alikuwa mtu wa mji, leo sheria yamwambia yu mgeni.

Wafanya biashara wa Kihindi wakaacha kugusa karafuu. Wakapeleka kilio chao Bara Hindi, na Congress, ambayo rais wake mwaka 1937 alikuwa Jawaharlal Nehru, ikawaomba watu wasinunue karafuu za Unguja mpaka sheria ibadilishwe. Wauza viungo wa Bombay wakaitikia, naye Vallabhbhai Patel akawaunga mkono. Hapo ndipo palipouma, kwa maana Bara Hindi ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa, pamoja na Java, ambako karafuu huchanganywa na tumbaku. Mama apikaye pilau hahitaji karafuu zaidi ya tano au sita; hesabu sasa majiko ya nchi nzima! Nayo serikali ya Unguja iliishi kwa ushuru wa karafuu zilizopakiwa.

Katika mashamba yale walikuwamo pia Wanyamwezi, waliovuka bahari kuja kupalilia. Nao walikuwa wageni kisiwani, lakini ujira wao haukuwa sehemu ya ugomvi huu.

Silaha hiyo hiyo yaweza kugeuzwa. Mwaka 1959 chama cha Uganda National Movement, ambacho kiongozi wake alikuwa Augustine Kamya, kiliwaambia watu wa Buganda wasinunue katika maduka ya Wahindi. Hapo aliyesusiwa alikuwa mhamiaji mwenyewe. Serikali ilikipiga marufuku chama mwezi wa Mei, lakini mgomo haukukoma. Walioonekana wakinunua walitishwa na wengine kupigwa, na maduka mengi ya vijijini yakafungwa. Kwetu sisi, anayekaa mbali na duka kwa kuogopa fimbo hakususia kitu.

Unguja mambo yalitengenezwa Mei 1938. Wahindi wakarudi katika biashara ya kusafirisha, wakikubali kununua sehemu ya karafuu zao kwa Chama, nayo Congress ikaondoa katazo lake. Suala la ardhi na madeni halikuisha siku ile. Ila magunia yalipakiwa tena melini kwenda Bombay.