Kinu na Mji: Habari za Marehemu Muljibhai Madhvani wa Jinja, na Funzo Lake kwa Wakulima wa Mara

Chama Kikuu chetu kimetimiza miaka 10, na katika kitabu hiki cha ukumbusho wanachama watasoma habari za vyama vya msingi, za mizani na magulio, na za viongozi waliotutangulia. Sisi tumeonelea vema kuandika jambo moja lililo nje ya mipaka yetu, lakini lisilo mbali na shida zetu. Jambo lenyewe ni hili: mji wa viwanda hutokeaje mahali palipokuwa na mashamba tu, na ni nani afaidikaye unapotokea?

Mtu asimamaye ufukweni Musoma huyatazama maji yale yale ambayo, kaskazini ya ziwa, huanza safari ya mto Naili penye mji wa Jinja, katika nchi ya Busoga, Uganda. Watu wa huko ni wakulima wa pamba kama sisi wa Bunda, Majita na Butiama. Ziwa ni moja na zao ni moja. Kwa hiyo habari za Jinja ni kioo ambacho twaweza kujitazamia.

Mwaka wa 1908 aliwasili Uganda kijana wa Kihindi mwenye umri wa miaka 14, jina lake Muljibhai Madhvani, mzaliwa wa Gujarat. Alikuja kwa jamaa zake waliokuwa wakifanya biashara Busoga, naye akaanza kazi ya duka. Wakati huo kilimo cha pamba ya kuuza kilikuwa na miaka michache tu tangu kianze Uganda. Mwaka wa 1912 ilifunguliwa reli ya Busoga, kutoka Jinja hadi Namasagali, na mzigo wake mkubwa ulikuwa pamba. Kijana huyu hakuchelewa kutambua kwamba aliye na duka hupata senti, bali aliye na kinu cha kuchambulia pamba hushika mlango ambao kila mkulima hana budi kuupitia. Akaingia katika kazi ya vinu.

Hapa inafaa tukumbushane hesabu ambayo wengi wetu huisahau tukiwa mbele ya mizani. Katika kila kilo 100 za pamba mbegu, pamba nyuzi ni kama theluthi moja tu, au kuzidi kidogo. Sehemu kubwa ya uzito unaobaki ni mbegu. Pamba nyuzi hufungwa marobota ikaenda ng'ambo. Lakini mbegu, ambayo mkulima huiona kama taka, hukamuliwa mafuta, na mafuta hupikwa chakula au hutengenezwa sabuni, na mashudu yake hulisha ng'ombe. Basi mwenye kinu hununua kitu kimoja na kuuza vitatu au vinne.

Bwana Madhvani hakubuni mashine ya kuchambulia pamba, wala ya kukamulia miwa. Mashine hizo zilibuniwa na watu wengine katika nchi nyingine. Ubunifu wake ulikuwa katika kuzipanga kazi. Mwaka wa 1918 alipata ardhi Kakira, karibu na Jinja, akaandaa shamba la miwa, na mwaka wa 1930 kiwanda cha sukari kikaanza kazi. Miwa ikaletwa kiwandani kwa reli ndogo zilizotandazwa mashambani, na makapi yaliyokwisha kukamuliwa yakachomwa ili kupata mvuke wa kuendeshea mitambo. Baadaye vikaja viwanda vya mafuta na sabuni. Palipokuwa na taka ya kazi moja, yeye alitafuta mali ya kazi nyingine. Huo ndio uvumbuzi wake, nao haukuhitaji hati ya serikali.

Watu wakafuata kazi. Vibarua walitoka Busoga na mbali zaidi, hata Rwanda na Burundi. Wafanyakazi walihitaji nyumba, maji, dawa na shule za watoto, na Kakira ikawa mji kando ya mji, wenye hospitali yake na shule zake. Hata leo shule ya sekondari ya Wairaka ina jina lake, na mfuko wa elimu ulioanzishwa kwa jina lake mwaka wa 1962 umewasomesha vijana wengi wa Uganda.

Hata hivyo, haki ya historia yatudai tuseme kwamba Jinja haikujengwa na mtu mmoja. Reli kutoka pwani ilifika Jinja mwaka wa 1928. Bwawa la umeme la Owen Falls lilifunguliwa mwaka wa 1954, na katika miaka hiyo serikali na makampuni mengine walijenga kiwanda kikubwa cha nguo kando ya Naili. Lakini umeme ulipofika, ulimkuta Bwana Madhvani amekwisha kutayarisha watu wenye ujuzi, fedha, na desturi ya kujaribu. Alipofariki mwaka wa 1958, wanawe waliendeleza kazi hiyo kwa nguo, chuma, bia na vitu vingine, hata Jinja ikajulikana kuwa ndio mji wa viwanda wa Uganda.

Wahenga husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji alipona? Alipata kazi, shule na soko. Lakini mlango wa kinu haukuwa wake. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iligawa Uganda katika kanda za pamba, na wenye vinu wakajiunga pamoja, hata mkulima akakosa mahali pa kupeleka pamba yake kwa bei nzuri zaidi. Machafuko ya mwaka wa 1945 na ya 1949 katika nchi ya Buganda yalikuwa na manung'uniko mengi, na moja kubwa lilikuwa hilo la pamba: wakulima walitaka kuuza na kuchambua pamba yao wenyewe. Mwaka wa 1952 sheria iliruhusu vyama vya ushirika kupata vinu.

Kisha ukaja mwaka wa 1972. Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 kuondoka Uganda. Manubhai Madhvani, mmoja wa wana wa marehemu, alitiwa gerezani, kisha akafukuzwa nchini, na Kakira ikatwaliwa. Mitambo ilibaki mahali pake, lakini wajuao kuitunza walikuwa wamekwenda, vipuri havikununuliwa, na miwa ikamezwa na majani. Kiwanda kikafa. Mwaka wa 1985 jamaa ya Madhvani walirudi, wakashirikiana na serikali kukifufua. Leo Kakira husaga pia miwa ya maelfu ya wakulima wa jirani, na bei ya tani moja ya miwa imekuwa shauri kubwa kati yao na kiwanda. Hivyo swali la mwaka wa 1945 halijafa. Limebadili zao tu.

Sasa tugeuke upande wetu wa ziwa. Wakulima wa Jimbo la Ziwa walianza kwa kudai mizani ya haki. Wakiongozwa na Bwana Paul Bomani, mwaka wa 1955 waliunda shirikisho la vyama vyao, lililojulikana kama Victoria Federation, nalo halikutosheka na mizani. Likajenga na kununua vinu. Wakulima wetu wakawa na sehemu katika kile ambacho Jinja kilikuwa cha jamaa moja. Lakini mwaka wa 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka wa 1982, vikiwa dhaifu. Soko la pamba lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara mwaka wa 1994, wengi tulishindwa kushindana. Musoma pia tuliona kiwanda cha nguo, MUTEX, kikijengwa kwa matumaini makubwa, kisha kikayumba.

Tukiziweka habari hizi mbili pamoja, twaona kwamba mashine peke yake haijengi mji. Kakira ilibaki na mashine baada ya wenyewe kufukuzwa, lakini mwishowe hazikufaa kitu. Kadhalika umiliki peke yake hautoshi. Sisi tulikuwa na vinu, tukavipoteza, na si kwa amri ya serikali tu, bali pia kwa hesabu zisizotunzwa. Mali bila daftari huisha bila habari. Bwana Madhvani alikuwa na daftari, na alikuwa na saburi: miaka 12 ilipita tangu apate shamba la Kakira hata sukari ya kwanza kutoka.

Kila Mkutano Mkuu huja na swali la ziada ya mwaka: igawanywe yote, au sehemu iwekwe? Mwanachama mwenye ada ya shule ya kulipa hana kosa akitaka chake mkononi, nasi hatumlaumu. Lakini twamwomba akumbuke ile mbegu ya pamba. Kila msimu tunapouza pamba mbegu bila kushika hata mlango mmoja baada ya mizani, tunampa mwingine mafuta, sabuni na mashudu, na pamoja na hayo tunampa mji. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Si lazima tuanze na kinu kikubwa. Mashine ya kukamulia mafuta, ghala lisilovuja, fundi kijana wa Bunda au Butiama aliyepelekwa kusoma kwa fedha za ushirika, na daftari lililo wazi kwa kila mwanachama: hivyo vyatosha kuwa mwanzo. Jinja ilipata mtu mmoja wa kuona mbali, na jamaa yake walipoondolewa, mji uliyumba. Sisi tu wengi. Tukiona mbali pamoja, hakuna awezaye kutufukuza sote kwa siku 90.